"Punguza mawazo": agizo tunalolitoa bila kueleza njia

Mama mmoja mwenye umri wa kunizaa, anayeuza vitumbua na maandazi hapa Tanga, alikuja kwangu mara nne ndani ya miezi miwili. Malalamiko yake yalikuwa yale yale: moyo kwenda mbio, kifua kubana, vidole kufa ganzi, na usingizi kukatika saa nane usiku usirudi tena mpaka adhana ya alfajiri.

Tulimpima presha, ikawa sawa. Tukapima wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, vyote sawa. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kasoro. Kila safari nilimwambia maneno ambayo madaktari wengi wa nchi hii tunayasema karibu kila siku: "Mama, moyo wako ni mzima. Punguza mawazo tu."

Safari ya nne hakuinuka kitini. Alinitazama, akasema taratibu: "Mwanangu, nipunguzie wewe. Mimi nimejaribu, nimeshindwa."

Sikuwa na jibu. Nilisoma udaktari kwa miaka mingi, nimekaa kliniki miaka mingine mingi, lakini sikuwahi kujiuliza agizo hili linatekelezwaje. Ningemwandikia kidonge ningemweleza kimeze lini, kabla au baada ya kula, na kwa siku ngapi. "Punguza mawazo" nililitoa bila kipimo wala maelezo, kisha nikamwita mgonjwa anayefuata.

Naandika habari hii kwa ruhusa yake, na nimebadilisha baadhi ya maelezo ili asitambulike. Naandika kwa sababu naamini wasomaji wengi wa safu hii mmeshaambiwa neno hilo, na mmerudi nyumbani na mawazo yale yale, pamoja na aibu ya kuonekana mnajisumbua bure.

Njia iliyotoka mbali

Jibu nililompa baadaye halikuanzia hospitali. Asili yake ni India, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, katika mafundisho ya Buddha. Wafuasi wake walifundishwa kukaa kimya, kuisikia pumzi inavyoingia na kutoka, na kuyaona mawazo yanavyokuja na kupita bila kuyakimbiza wala kuyafukuza.

Mwaka 1979 mwanasayansi Mmarekani, Jon Kabat-Zinn, aliyejifunza mazoezi hayo kwa walimu wa Kibuddha, aliyapeleka hospitalini katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Aliacha ibada na itikadi, akabakiza zoezi. Wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watu wenye maumivu ya muda mrefu ambao tiba za kawaida hazikuwa zimewapa nafuu ya kutosha. Aliwapa mafunzo ya wiki 8, na mpango huo umeenea katika hospitali za nchi nyingi.

Wala si jambo geni kabisa katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Wabuddha ambalo mizizi yake ni jumuiya ya wahamiaji waliotoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, mwanzoni mwa karne iliyopita. Nchini Uganda, mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabuddha mwaka 2005, na watu huenda pale kujifunza kutulia.

Tatizo letu la kwanza ni jina. Wengi huliita zoezi hili "kutafakari". Lakini kwa Kiswahili chetu kutafakari ni kuwaza jambo kwa kina, na mtu aliyekesha akiwaza deni ametafakari vya kutosha! Ukimwambia akatafakari zaidi, unamwongezea mzigo. Mimi hupenda kusema "kuzingatia": kuwa na jambo lililo mbele yako sasa, na kujua akili ilipoondoka. Ndivyo nitakavyoliita hapa.

Kwa nini moyo unakimbia

Mwili wetu una mfumo wa kujihami. Ukikutana na nyoka njiani ukielekea shamba, moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, ili ukimbie. Nyoka akiondoka, mwili unarudi hali yake.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya nyoka na wazo. Mtu akilala akawaza kitakachotokea Jumatatu, moyo unakimbia kama vile Jumatatu imeingia chumbani. Akiusikia moyo ukikimbia anaogopa kwamba anakufa. Hofu hiyo inauongezea moyo kasi. Anahema harakaharaka, hewa ya ukaa inapungua mwilini, vidole na midomo vinakufa ganzi. Naye anaamini kabisa kwamba sasa ni kifo.

Kwa hiyo mama yule hakuwa anajisingizia. Alichokisikia kilikuwa cha kweli, ila chanzo chake hakikuwa kwenye moyo wenyewe. Tofauti hiyo nilipaswa kumweleza siku ya kwanza.

Zoezi lenyewe

Kwanza niseme jambo ambalo lilinishangaza hata mimi: zoezi hili halipunguzi mawazo. Akili kazi yake ni kuwaza, kama ini linavyotengeneza nyongo. Kinachobadilika ni kwamba unaliona wazo kuwa ni wazo, halikuburuti tena mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Kaa kwenye kiti, mkeka au baraza, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Weka simu chumba kingine. Fumba macho, au kama kufumba kunakutia hofu, tazama chini mbele yako.

Sikia hewa inavyoingia puani, na tumbo linavyoinuka na kushuka. Usiilazimishe pumzi, ifuate tu.

Kabla ya kufika pumzi ya tano, akili itakuwa imeshakwenda sokoni, shuleni kwa mtoto, au kwa jirani mliyekosana. Hiyo ni kawaida. Ukishtuka, sema kimoyomoyo "nawaza", kisha rudi kwenye pumzi bila kujikaripia. Ukirudi mara 50 ndani ya dakika 5, umefanya zoezi mara 50. Kurudi huko ndilo zoezi lenyewe.

Anza na dakika 5 kwa siku, wiki ya pili ufike 10. Chagua saa moja isiyobadilika, ili usisahau. Na moyo unapokimbia usiku, kaa kitandani, toa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta: hesabu 4 ukivuta, hesabu 6 ukitoa, kwa dakika chache. Kutoa pumzi polepole kunaamsha neva zinazopunguza kasi ya moyo.

Nje ya muda huo, chagua kazi moja ya kila siku na uifanye bila kuchanganya na nyingine. Mama yule alichagua kukuna nazi. Anasema zamani alikuwa akikuna huku akili iko kwenye hesabu za marejesho, na vidole vyake vina alama za kutosha kuthibitisha. Sasa anasikia mlio wa mbuzi, anaona tui litakavyokuwa zito au jepesi, na akili ikiondoka anairudisha.

Sayansi inasema nini

Mwaka 2022 lilichapishwa jaribio lililofanyika Marekani, likiongozwa na Dkt. Elizabeth Hoge wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Watu wazima 276 wenye magonjwa ya wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa mafunzo ya kuzingatia kwa wiki 8, jingine lilipewa esitalopramu, kidonge kinachotumika sana kutibu wasiwasi. Baada ya wiki 8 makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana.

Uingereza nayo, tangu mwaka 2004, mwongozo wa taifa wa matibabu umependekeza mafunzo ya aina hii kwa watu waliopona sonona lakini imekuwa ikiwarudia, hasa walioipata mara 3 au zaidi.

Lakini tusidanganyane. Watu wa jaribio lile la Marekani walikuwa na darasa kila wiki chini ya mwalimu aliyefundishwa, na walitakiwa kufanya zoezi nyumbani karibu dakika 45 kila siku. Dakika zangu 5 au 10 za barazani hazina ahadi kubwa kama hiyo. Ni mwanzo unaowezekana kwa mtu anayeamka saa kumi kuchoma vitumbua, na kwa wasiwasi mdogo wa kila siku unasaidia wengi ninaowaona.

Pumzi hailipi deni

Hapa ndipo nina ugomvi na baadhi ya wanaolihubiri zoezi hili kwenye simu na semina za kulipia. Wanazungumza kana kwamba kila dhiki iko kichwani, na ukijua kupumua basi maisha yamenyooka.

Siku ile ya nne nilimuuliza mama swali ambalo sikuwahi kumuuliza: "Saa nane usiku ukiamka, unawaza nini?" Alinyamaza, kisha akanieleza. Alikuwa amechukua mkopo wa "kausha damu" ili kumlipia mjukuu mahitaji ya shule. Biashara ilipolegea akachukua wa pili kulipa wa kwanza. Marejesho ni kila Jumatatu, na wanaokuja kudai hawaoni haya kupaza sauti mbele ya majirani. Watoto wake hawakujua lolote.

Sasa niambie, msomaji, ni haki kumwambia mtu huyo afumbe macho apumue?

Jibu langu ni kwamba ni haki, ila kwa sharti la kutomdanganya. Nilimwambia wazi: pumzi haitalipa deni. Lakini kwa sasa deni linakunyima pesa, na pia linakunyima usingizi, na mtu asiyelala siku ya tatu hawezi kupiga hesabu wala kuzungumza na watu bila kulia. Turudishe usingizi kwanza, halafu deni tulikabili kwa akili iliyopumzika. Na usilikabili peke yako.

Zimbabwe wanatufundisha jambo hapa. Kwa Kishona, hali ya mawazo yanayozunguka bila kukoma huitwa "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mjini Harare, eneo la Mbare, mpango wa kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hawakuanza kwa kuwaambia wapunguze mawazo. Walianza kwa kuuliza mawazo hayo ni yapi.

Yasiyotibiwa kwa pumzi

Naomba sehemu hii isomwe hata na asiyependa zoezi lenyewe.

Usiache dawa. Nimemwona baba aliyeanza mazoezi ya kutulia, akajisikia mwepesi, akaacha vidonge vya presha kwa kuwa "mwili umetulia". Alirudi kwetu akiwa na presha ya kutisha. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine, na ikisoma 140/90 au zaidi kwa kurudiwa, unahitaji daktari. Ni hivyo hivyo kwa kisukari, kifafa na pumu.

Usikae ukihesabu pumzi kama una maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi, shingoni au tayani, jasho la baridi, kuzimia, au upande mmoja wa mwili umelegea na maneno hayatoki. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Na mapigo ya moyo kwenda mbio yapimwe kwanza kabla ya kuitwa wasiwasi, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo navyo huleta dalili hiyo.

Ukiwa na huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki 2 au zaidi, ukaona maisha hayana maana, au wazo la kujidhuru limekupitia, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya leo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii anahitaji matibabu, na kumkalisha kimya peke yake kunaweza kumzidishia. Pia wapo waliopitia kipigo, ubakaji au ajali, ambao wakifumba macho kumbukumbu huwarudia kwa nguvu. Wao waache zoezi, watafute mtaalamu. Kwenda kutibiwa akili si aibu, na kwa watu wa Tanga wala si jambo jipya: hospitali ya Lutindi, kule milimani wilayani Korogwe, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

"Daktari, hii si dini ya watu?"

Swali hili naulizwa sana, na naliheshimu. Sitawaficha: asili ya zoezi ni Ubuddha. Lakini ninalofundisha kliniki halina sala, sanamu, maneno ya siri wala kiapo. Ni kukaa na kuisikia pumzi uliyopewa na Mola wako.

Wapo wanaosema Muislamu ana dhikri na Mkristo ana sala ya kimya, basi mambo ni yale yale. Mimi sisemi hivyo. Ibada ni ibada na ina lengo lake; zoezi hili ni la afya, kama kutembea asubuhi ufukweni Raskazone. Sikukalia kiti cha kutoa fatwa. Mwenye shaka amuulize shehe au padri wake, na akiambiwa asifanye, hajakosa njia: kutembea kwa miguu nusu saa, kupunguza chai na kahawa za jioni, na kuzungumza na mtu anayemwamini kutamsaidia pia. Wagonjwa wangu kadhaa hukaa dakika zao 5 baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kuinuka kwenye mswala, kwa sababu nyumba bado imetulia.

Kwa wazazi

Wazazi wananiuliza kama wawafundishe watoto, hasa wanaokaribia mitihani. Uingereza walijaribu jambo hili kwa kishindo: wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13 walihusishwa, na matokeo yakatoka mwaka 2022. Shule zilizofundisha kuzingatia hazikuwazidi wenzao kwa afya ya akili. Wengi wa watoto hawakufanya zoezi nyumbani, na hilo halinishangazi. Mtoto asiyetaka kukaa kimya hafaidiki kwa kukalishwa kwa amri.

Anza na usingizi. Kijana wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na wa msingi saa 9 hadi 12. Simu ilale sebuleni. Kisha kaa wewe mwenyewe. Mtoto anayemwona mama yake ametulia dakika 5 bila simu huenda siku moja akaketi kando yake. Na akikwambia ana wasiwasi, usimjibu "acha mawazo, wewe mtoto una shida gani". Muulize unaloliwaza ni lipi, kisha nyamaza umsikie.

Ninachowaomba wenzangu

Kila asubuhi, katika kliniki za mama na mtoto na zile za presha na kisukari, wagonjwa hukaa kwenye benchi wakisubiri, na muuguzi huwapa elimu ya afya. Tuna benchi, tuna watu, tuna muda wanaosubiri. Dakika 10 za kueleza kwa nini moyo unakimbia, na kupumua pamoja, hazihitaji bajeti mpya wala mashine. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wanaweza kufundishwa wakaendeleza mitaani.

Kwa ndani, chumbani, sisi madaktari tufute kauli ya "punguza mawazo". Badala yake tuulize: "Unawaza nini usiku?" Najua foleni ni ndefu. Lakini nilimwona mama yule mara nne, nikampima vipimo ambavyo alivilipia kwa pesa za mkopo, kabla ya kumuuliza swali ambalo halikuhitaji hata senti. Hesabu hiyo inaniuma.

Leo deni lake halijaisha. Aliwaeleza watoto wake, wakakaa kama familia, wakaamua mkopo mmoja umalizwe kwanza, na hachukui mwingine. Saa nane usiku bado huamka siku nyingine. Anasema anakaa, anahesabu 4 na 6, anasikia mawimbi ya mawazo yanakuja, na mara nyingi analala tena kabla ya adhana.

Nawe, ukiambiwa tena na daktari "punguza mawazo", usiondoke kitini. Muulize, kwa heshima: "Kwa njia gani, daktari?"